Ufagio wa Bibi Kalunde

Jumanne jioni, Kwihara

Na nani alimwambia Bibi habari za mama yangu? Mmisionari mwenzangu anaapa si yeye.

Bibi Kalunde, tuliyembatiza mwezi jana, kila wiki hutoka kijiji cha Ujamaa akarudi kwenye mahame yao, walikohamishwa, kufagia makaburi. Leo tulimfuata kumwambia kwamba wafu hawapo pale. Niliyesema ni mimi, kwa sauti ya mahubiri, kama mjinga.

Hakukasirika. "Mjukuu wangu, wewe umetoka Kenya. Kaburi la mama yako anafagia nani?"

Telegramu ya msiba ilinikuta hapa. Utumishi wetu ni miaka miwili, hakuna kurudi, hata kwa kuzika. Nikatuma rambirambi nyumbani kwetu, kama mtu baki.

Nilimwomba ufagio. Akanionyesha kaburi la pembeni, la mpagazi wa misafara ya zamani aliyefia njiani. "Huyu hana mtu."

Nikalifagia. Mwenzangu alitazama kando.

Sasa nimekaa, na yule mpagazi hanitoki kichwani. Kwao hawakujua alipolala, ndiyo maana hawakuja.

Mimi najua mama alipolala.