Macho Yanayovuta

Aizhen, acha mazoezi usome hii. Nimetoka kwa daktari wa macho sasa hivi, nimekaa kwenye ngazi za hospitali.

Ni glakoma, ule ugonjwa unaopofusha polepole, mara nyingi kwa presha ya jicho kupanda. Yangu eti iko sawa kabisa, lakini mshipa wa fahamu wa jicho la kushoto umeanza kufa.

Akaniambia, "Dada, tazama kulia kabisa, kichwa usigeuze." Unanijua. Nikamrushia lile jicho la kuchungulia kwenye pazia, lile ninalokutupia jukwaani kwenye opera yetu ukiigiza kijana msomi. Nesi akapiga makofi. Daktari hakucheka.

Hakucheka, Aizhen. Akauliza, "Unafanya hivyo mara ngapi?" Nikamjibu kwa maringo: kila asubuhi, miaka thelathini, nafuata kwa macho tu moto wa kijiti cha udi, kichwa kimetulia. Na tangu nianze kuona ukungu nimeongeza, nikidhani nalipatia jicho nguvu.

Akanichorea. Jicho likikimbilia puani, ule mshipa wa nyuma unakazwa kama kamba iliyo fupi. "Wengine kuvutwa huko hakuwadhuru. Mshipa wako umeshadhoofika, nahofia kila ukigeuza jicho hivyo unauvuta."

Unauvuta. Mwalimu Qiu alinisifu kwa neno hilohilo, unakumbuka? "Macho yako yanavuta watu mpaka safu ya nyuma."

Jumamosi kwenye onyesho, tukifika pale kwenye pazia, nitageuza kichwa kizima. Wewe usishtuke. Endelea kuimba.