Usitume Tena Kinini za Mama

Uvira, tarehe 14 Machi 1965

Mpendwa mdogo wangu Rémy,

Yambo sana. Habari ya afya yako huko Bujumbura, na kazi ya hospitali? Wagonjwa wasikumalize, mwili wako wenyewe si mkubwa. Sisi, kwa kututazama tu, tuko wazima. Watoto wanakula, na mihogo ya shamba letu la Runingu tuliichimba kabla askari hawajatuchimbia. Barua hii anakuletea Zaina, yule muuza vitenge. Uisome ukiwa umekaa.

Nianze na Mama. Unajua tangu kitinda mimba wetu Sylvestre alipopanda milimani na waasi, Mama hakulala. Alikaa macho mpaka kunakucha, kikombe cha kahawa mkononi, akisema anachunga nyumba. Akakonda, akabaki mifupa. Ni mimi niliyekuandikia nikuombe kinini za usingizi, vile vidonge vya hospitali. Ulituma ishirini, ukaagiza apewe nusu. Nilimpa nzima, maana nilichoka kusikia nyayo zake.

Akalala, ndugu yangu. Siku tatu alilala kama mtoto aliyeshiba, nami nikamshukuru Mungu, nikakushukuru na weye.

Siku ya nne, kulipoanza kupambazuka, jiwe lilianguka juu ya mabati. Likaja la pili, halafu la tatu. Nikasema moyoni ni askari, wanatujaribu waone kama kuna watu ndani. Niliwaziba watoto midomo. Nilimtikisa Mama, hakuamka, mkono wake ukaanguka tu kwenye mkeka. Mtu alizunguka nyumba mara moja, akaenda zake. Kabla jua halijatoka tulisikia risasi upande wa ziwa.

Alikuwa Sylvestre. Askari walimkuta kwenye matete, anatafuta mtumbwi wa kuvuka. Baba mdogo Gaspard na mimi tulimzika kando ya shamba la pamba la Baba mdogo, bila matanga, bila machozi, kwa sababu siku hizi anayemlilia muasi naye ni muasi. Mama aliamka saa sita mchana, kichwa kizito, akaniomba uji. Tulikuwa tumekwisha kumzika.

Jioni ndipo aliponiuliza kama sikusikia mawe kwenye mabati. Yeye na Sylvestre walikuwa wamepatana alama hiyo wawili tu, siku kijana alipoondoka: mawe matatu, Mama afungue mlango wa nyuma. Hakumwambia mtu, aliogopa midomo yetu. Nilimjibu sikusikia kitu. Kisha nikaongeza uongo mbaya zaidi, nikasema nimeambiwa Sylvestre amevuka ziwa, yuko Kigoma.

Kesho yake alizitupa kinini zako chooni. Sasa anafuata mashauri ya Kankindi, yule jirani mzalisha. Kahawa haigusi tena baada ya mchana. Analima mpaka jasho limtoke, anakula mapema, anaosha miguu kwa maji ya moto, anasali, analala saa ile ile kila siku. Na analala kweli! Mashavu yamerudi. Weye munganga wa hospitali ungefurahi kumwona.

Asiyelala sasa ni mimi. Usinitumie kitu. Nikinywa kinini nani atasikia, na nikikaa macho ninamngoja nani? Nimekosa, Rémy, na sijui pa kulipeleka kosa hili.

Juzi nilikuwa ninamwosha miguu, akanishika bega. "Feza, weye usiwe na wasiwasi," akasema. "Usingizi huu si wa kinini. Siku akitupa mawe, nitasikia."

Omba ruhusa kazini, uje. Tumwambie tukiwa wawili. Mimi peke yangu kila nikifungua mdomo ninaishia kumwongezea maji ya moto.

Nisalimie mke wako Charlotte, na mtoto wenu Eugène umpake mafuta ya kifua, kikohozi chake ninakijua. Baba mdogo Gaspard anakusalimu, ila siku hizi haongei sana. Mama anakubariki, anauliza kama huko Bujumbura mnapata habari za Kigoma.

Mungu akulaze salama na akuamshe salama.

Ni mimi yaya yako, dada yako mkubwa, ninayekupenda na kukungoja,
Feza