Neno Moja Nililoliruka Ubaoni

Kaka Masanja,

Shikamoo. Naanza hivyo kwa sababu sheria ni yako: hata kwa Kiklingoni, ile lugha ya kubuniwa ya sinema za anga, hakuna swali bila salamu. Lugha yenyewe haina salamu. Wenyewe wakikutana wanaulizana tu unataka nini, na wewe ukasema hilo Mwanza halipiti. Ukawafundisha wanafunzi waamkie kwanza, ndipo waseme nuq, yaani nini.

Mama hajambo. Ameanza tena kupika sato, na mwiba ukimkwama mtu anacheka peke yake. Najua anachokumbuka. Siku ile ulikuwa jikoni unajifunza qatlh, ile sauti ya kooni, akadhani mwiba umekukwama, akakukimbilia na tonge la ugali ulishushe. Ukalimeza maskini, usimwaibishe.

Sasa nikupe habari za klabu yako ya Kiklingoni pale shuleni. Ulipoondoka, kidato cha kwanza chako kilinyamaza. Unawakumbuka walivyokuja, Kiingereza kikitajwa wanatazama viatu. Ukawaambia, "Tuanze na lugha ya watu ambao hawapo, nani atawacheka?" Wakajua 'Iv ni nani, nuqDaq ni wapi, ghorgh ni lini. Wakafurahi kuona kwamba nini na nani hukaa palepale jibu litakapokaa katika sentensi, kama kwenye Kiswahili chetu. Baada ya hapo wakauliza na kwa Kiingereza, bila hata kushtuka kwamba wameshavuka. Mimi mwalimu wa jiografia nilikuwa nakutania ofisini kwamba unapoteza muda wa serikali. Leo natamani unipotezee wangu wote.

Mkuu wa shule alisema klabu isiyo na mwalimu ifungwe, nikajitolea, na Kiklingoni changu cha kudandia pale nyumbani Igogo. Niliandika maneno yako yote ubaoni isipokuwa moja. Qatlh. Kwa nini. Sikuweza, Kaka. Tangu tukulaze kaburini Magu nimeliuliza kwa Kisukuma, nimeliuliza kwa Kiswahili, nimeliuliza nikiosha vyombo. Mtu mzima wa afya, ugonjwa wa siku chache tu, basi. Niliogopa nikilitamka nitalia mbele ya watoto.

Kwa hiyo kila Jumatano, siku ya klabu, nililiruka. Watoto nao wakapungua, na mkuu akaanza kuchungulia dirishani. Klabu ya maswali bila kwa nini, hata mimi nisingekuja.

Jumatano iliyopita akasimama Neema, yule uliyemwita Bi Kimya. "Shikamoo mwalimu. Kuna neno limebaki. Mwalimu Masanja alisema hilo ndilo letu." Nikabaki nimeshika chaki. Akaja taratibu, akaichukua mkononi mwangu, akaandika qatlh. Darasa zima likalitamka, makoo yakikwaruza vile unavyopenda. Nikalia, Kaka. Hakuna aliyecheka.

Halafu mikono ikapanda. Kwa nini maji ya ziwa letu hayana chumvi. Kwa nini magugumaji yanahama. Hayo niliyajibu, ni kazi yangu. Neema akauliza kwa nini Mwalimu Masanja amekufa. Nikasema sijui. Nilidhani wataniona bure, lakini mkono mwingine ukapanda. Leo viti havikutosha, wengine wamekalia meza, na mkuu mwenyewe ametuletea chaki.

Likizo nitakuja Magu na Mama. Nakuahidi neno lile halitafutwa ubaoni nikiwa hai. Nikifika nitakuamkia kwanza, ndipo nikuulize lile swali, kwa sauti, hata majirani wasikie. Wewe pumzika tu, usihangaike kunijibu. Maana siku hizi siulizi peke yangu.

Kwaheri, Kaka.

Mdogo wako,
Kabula