Chumvi kwenye minyoo ya Mama Kavira

Shangazi, shikamoo.

Hapa Bwera mvua haijakatika tangu jana. Nimeshinda kwa Mama Kavira, mkimbizi kutoka Beni. Anafuga minyoo ya ardhini kwenye masanduku ya mbao, kwa samadi ya mbuzi na majani ya kabeji anayookota sokoni Mpondwe. Mbolea inayotoka humo humpa mwenye shamba, naye humwachia kipande cha kulima.

Juzi aliokota majani penye wauza chumvi ya Katwe, akayatia bila kuyaosha. Leo tumekuta minyoo imekufa, imenywea kama nyuzi.

Jirani yake akachungulia. “Chumvi iko tayari, mama. Leta nyanya tukule.”

“Cheka tu,” akamjibu. “Mwenye shamba hatacheka.”

Alipekua samadi kwa vidole mpaka kwenye mbao, akapata mnyoo mmoja ulio hai. Akausuuza, akauweka kwenye kikombe chenye udongo.

“Moja peke yake haiwezi kuzala,” akaniambia, akavuta sanduku la pili.

Nilipoaga alikuwa bado anapekua, hajapata mwingine. Nakuombea kifua kitulie, Shangazi, na usingizi uwe mzuri.

Mwanao,
Idrisa