Romarin ya Léonie mu Sahani

Siku ya Mungu, 11 Juillet 1954

Léonie alipanda train jana, amekwenda Jadotville kusaidia dada yake Delphine, juu amezaa. Majuma ine! Nyumba iko kimya. Hapa mu mutaa yetu ya Kenya hakuna muntu mwingine wa kusoma Kifaransa kwa sauti kama mutoto wangu.

Ameniachia romarin yake. Ni ile majani ya Bazungu ya kunuka muzuri. Masere Agnès, mutawa wa foyer kwenye babinti banajifunza kazi, alimupa katawi kamoja, sasa myaka tatu. Akamufundisha kukata-kata, kukunja matawi na waya ya shaba, ikae mudogo tu mu sahani. Masere anasema kule Japon muti inazeeka hivi hivi, haipite urefu wa bilauri. Waya, Kapya bwana yangu njo alileta.

Tarehe 15 Août, sikukuu ya Bikira Maria, Masere ataangalia mimea ya babinti bote, achague mumoja wa kubakia foyer kufundisha bengine, monitrice. Mumoja! Mimi najua ni nani. Leo nyuma ya misa nimeambia kila muntu, na wenye hawakuuliza.

Léonie alisema: Mama, mayi kidogo, mara mbili kwa juma, na usiguse kitu. Nimecheka. Nimelea batoto sita, nishindwe na majani?

Siku ya pili, 13 Juillet

Clotilde wa nyumba ya nyuma alikuya na bamama babili kuomba moto. Baliona kamuti. Clotilde: «Mama Léonie, huyu mulimufunga juu ya nini? Aliiba?» Mwingine akauliza kama kwetu unga ya bukari imekwisha, juu muti iko na njaa. Balicheka mpaka machozi. Na mimi nikacheka. Lakini iliniuma. Nyumba yangu! Hakuna kitu inalala njaa mu nyumba yangu, hata mbwa ya jirani anajua.

Bakaenda. Nikainua sahani – ile ya bati ya emaye, ya maua mekundu – chini imetobolewa na musumari, matundu ine! Mayi inadondoka mu meza. Aibu gani! Mwanamuke gani anaweka sahani ya matundu mbele ya wageni?

Basi nikaziba. Udongo ya kichuguu, nikabonyeza na kidole gumba, hiki hiki chenye kovu ya shoka, kama tunavyoziba chungu. Nikamwaga muchanga yake ile mbovu ya mawe-mawe, nikajaza kichuguu tupu. Mahindi yangu inakula kichuguu, inapita paa! Na waya nikaitoa. Nikamupa mayi akunywe, ashibe. Nitamupa asubuhi na mangaribi.

Léonie atashangaa.

Siku ya posho, 24 Juillet

Majani inaanguka. Ukigusa, inamwagika, ya kijivu. Ni baridi ya mwezi huu. Nimemuzungushia kitenge kama mutoto wa homa. Nimeongeza mayi.

Hanuki tena romarin. Ananuka matope.

Siku ya kwanza, 26 Juillet

Ku bomba, mbele ya bote, Clotilde akapaaza: «Mama Léonie, monitrice wako amekufa?» Bote bakageuka na ndoo zao.

Mudomo yangu ikajibu mbele ya kuwaza. Nikasema: juma ile, Alima, Mama Amadi, bibi ya Feruzi mushonaji, alipita kwangu, akasimama, akasifu, uzuri gani huu! Toka siku ile kamuti kakaanza kunyauka.

Ni hivyo tu. Sikusema jicho baya. Clotilde njo alisema jicho. Bakaniangalia, mimi nikainamisha kichwa.

Kuinamisha kichwa pia ni kusema.

Alima! Kapya alipolala hospitali, ni nani alipika kwangu siku kumi? Hii naandika hapa, juu hapa hakuna wa kunisikia.

Siku ya ine, 29 Juillet

Alima amekuya. Hodi, mikono mitupu, uso wa siku zote. «Mama Léonie, nasikia kamti kanaumwa. Lete nione. Sisi wa Maniema tumekulia kwenye mirehani.»

Ningekatala namna gani?

Akatia kidole mu udongo, akanusa. «Huyu haumwi njaa. Anazama.» Akageuza sahani juu chini. Matundu ine, vidonge vine vya udongo, na mu kila kimoja alama ya kidole gumba changu, na kovu yake. Akaangalia udongo. Akaangalia mukono yangu. Nikaweka mukono chini ya kitenge.

Akasema tu: «Lete kisu.»

Tulikaa mpaka jua ikashuka. Akatoa vidonge kimoja kimoja na ncha ya kisu, akavipanga ku dirisha. Akaosha mizizi – nusu ilikuwa nyeusi, inateleza kama nyama mbovu. Akakata. Akakata na matawi yote ya kufa, kakabakia katawi kamoja, kenye uzima. Chini kokoto ya tofali, juu muchanga wa muto. Vitawi vitatu vya pembeni yake akavichomeka mu kopo, kama huyu mukubwa akikatala kupona. «Usimpe maji mpaka Jumapili. Na hiyo Jumapili, kidogo.»

Ku mulango akageuka. «Mama Léonie, kule bombani wanawake wananiachia njia siku hizi. Nimewakosea kitu?»

Nikasema: Aa, Mama Amadi, bantu, unabajua.

Mungu wangu.

Siku ya Mungu, 1 Août

Nimemupa mayi kidogo. Misa nimeenda. Komunyo sikupokea. Clotilde ameona. Nimemuambia tumbo inaniuma.

Siku ya tano, 6 Août

Majani mapya! Mawili, ku ncha, kama meno ya panya! Nikakimbia na sahani mu mikono kumuonyesha Alima. Nikafika ku lupango, uwanja ya nyumba yake, nikasimama.

Alikuwa amekaa na kikapo yake ya vitumbua. Jua imepanda, na kikapo imejaa. Hakuna muntu amenunua. Aliniona. Akafurahia majani kuliko mimi. Akanifungia vitumbua mu karatasi, vya Léonie, kesho anafika.

Nilikuwa na maneno. Nikarudi nayo nyumbani.

Siku ya posho, 7 Août

Léonie amefika. Amenenepa, muzuri! Lakini ku gare ya train alimukuta Clotilde. Clotilde alimuongoza mpaka hapa, na njia yote mudomo haukulala.

Aliinua sahani. Hakulia. Akasema: «Mama, nani alimuokoa hivi? Hii ni kazi ya muntu mwenye kujua.» Nikasema nilisaidiwa. Na nani? Nikageuza bukari.

Halafu Alima akabisha hodi kumusalimia. Mutoto wangu, mwenye adabu Kenya nzima banamusifu, akamuambia ku mulango: «Mama Amadi, macho yako imeshiba ao bado?» Akafunga. Mimi nilikuwa nyuma yake. Mwiko mu mukono. Nikasikia viatu vya Alima vinarudi pole pole.

Sasa naandika mu chumba. Léonie iko nje anatafuta waya ya shaba, anataka kukunja ile tawi moja mbele ya tarehe 15. Amefika ku dirisha. Vile vidonge vine viko pale pale, sikuvitupa, sijui juu ya nini.

Ameinua kimoja, anaangalia ile alama ya kidole.

Ananiita. «Mama? Kuya hapa. Kuya na mukono yako.»