Bwana Kidevu Yuko Langoni

Kambini, Uingereza,
Shaabani ikiishia

Nyanya, mke wangu mpenzi,

Kaa kitako, uegemee ukuta, kwani anayesema nawe leo si yule Saidi uliyemfukuza na mwiko kwa kudokoa mbaazi kabla ya wageni. Mumeo sasa ameishika Ulaya nzima shingoni. Usicheke! Wamarekani ndio wanaoilisha Ulaya, na mimi ndiye ninayewalisha Wamarekani, asubuhi mayai, mchana nyama. Siku nikikasirika nikazidisha chumvi, wafalme wangapi watalala na njaa? Hesabu hiyo hata mimi niliyeishia darasa la sita naiweza.

Basi nimekwisha kujisifu, sasa shikamoo. Magoti yako vipi? Yule kuku mweusi bado anatagia kitandani kwako kama kwamba yeye ndiye mke mwenza? Mimi ni mzima, Alhamdulillahi, mwili wote ila masikio, ambayo kwa baridi hii siyajui kama yapo mpaka niyashike. Theluji imekuja ikakaa, kama mgeni asiyejua kuaga. Wenyeji wenyewe wanaapa hawajapata kuona mwaka kama huu. Nguruwe siguswi naye wala simgusi; nawageuzia kwa koleo huku nimeangalia pembeni, na sahani yangu nimeiwekea alama.

Na wewe dadangu Rukia unayesoma, soma pole pole, wala usiruke ninapokusema: chapati zako bado zinaweza kuziba tundu la mashua. Kama Baba yuko karibu, ikunje barua hii mpaka atoke kwenda msikitini. Sababu mtaiona.

Nyanya, najua hutaki habari za theluji. Unataka kujua kama nimemwona Bwana Kidevu, na kama nimempa neno la Baba. Rukia ameniandikia kwamba Baba na Ami Juma hadi leo hawasemezani, ua mmoja na majiko mawili, na wewe mama yao unakula tonge mbili unasukuma sahani. Ami anasema Mwingereza anafunga mizigo, basi sisi watu wa Mwambao tuzungumze na wenzetu wa bara mapema, ndiyo maana kila Jumapili huenda Magongo kukaa nao. Baba anasema nduguye ameuza kilemba cha babu yao. Anasema Mwingereza ana mkataba na Sayyidi, sultani wetu, wa kuulinda Mwambao, na Mwingereza havunji neno, na shahidi wake ni Bwana Kidevu, mkubwa wa marubani wa meli pale Kilindini, ambaye Baba alimwendeshea motaboti miaka yote ile. Alipokuwa akirudi kwao alimshika Baba mkono mbele ya watu akamwambia, "Hamisi, mkiguswa, niletee neno." Tangu siku hiyo Baba hana mlo mwingine ila maneno hayo.

Neno nikapewa mimi. Nilipoachana na kazi ya melini nilikwenda hadi kile kijiji alichonitajia Baba, nikaambiwa nyumba imeuzwa na mwenyewe hajulikani alipo. Njaa ikanisukuma mpaka hapa, kambi ya ndege ya Wamarekani, nikaingia jikoni.

Sasa shikilia leso yako. Hii ni nchi ya Waingereza, au sivyo? Basi Mwingereza akitaka kuingia humu, ndani ya nchi yake mwenyewe, anasimama langoni anatoa cheti, na wa kumwambia pita au rudi ni kijana wa Kimarekani asiyeota ndevu, anatafuna chingamu kama mbuzi. Siku ya kwanza nilisimama mdomo wazi mpaka baridi ikanifikia tumboni. Kwetu Likoni Mzungu ni Mzungu, akipita unasogea. Nani alijua kwamba Mzungu naye ana Mzungu wake? Wewe merikani unayoijua ni ya kitambaa, ile ya kushonea foronya na sanda. Wenyewe ndio hawa, Nyanya, na kitambaa chao sasa kimeifunika dunia.

Jikoni mkubwa wetu ni Mwingereza, Bwana Tomu, na mwenzangu wa viazi ni Mjerumani, Hansi, mtu mpole ila ulimi wake ni wembe. Nilimwuliza, "Hawa na kwenu wapo?"

"Kwetu?" akasema. "Kwetu ukirusha jiwe litampata Mmarekani, na jiwe lenyewe litakuwa lake."

Bwana Tomu akadakia, "Nyinyi mlishindwa vita. Sisi tulishinda."

"Kweli," akasema Hansi. "Na sote tunamenya viazi vyake."

Niliangua kicheko nikajikata kidole. Bwana Tomu hakucheka. Yeye alikuwa askari kule Misri, walipokwenda na Mfaransa kuunyang'anya ule mfereji. Nikamwuliza ilikuwaje, maana kwetu tulisikia nusu nusu.

"Tulifika. Tukashuka. Mmarekani akasema ondokeni."

"Mkafanyaje?"

"Tukaondoka."

"Hivyo tu?"

"Menya viazi, Saidi."

Wallahi Nyanya, usingizi ulinipaa. Watu wa manowari! Watu ambao bendera yao ikipanda sote tunasimama juani! Wakaitwa wakarudi, kama watoto walioitwa na mama yao adhana ikilia.

Kumbe yalikuwa bado. Juzi redio ya jikoni ikatangaza kwamba Waingereza walikuwa wameomba kuingia katika soko la pamoja la majirani zao, Mfaransa, Mjerumani na wengine, na mkubwa wa Wafaransa amesema hapana. Ati Mwingereza sikio moja liko Ulaya na jingine liko Marekani, na nyumba haiingizwi mtu wa namna hiyo. Yaani Mwingereza amekwenda kuposa kwa jirani, na posa imerudishwa mbele ya mtaa mzima! Bwana Tomu akatupa upawa ukagonga ukuta. "Tuliwafia watu hawa," akasema. Hata Hansi aliinama akamwokotea upawa. Mimi nikawa namfikiria Baba, amekaa pale kwetu Bofu na shati lake jeupe, anawaambia watu wawe na subira, Mwingereza yupo.

Mchana wa siku ile theluji ikafunga njia. Wakaitwa ndani wale wazee wa Kiingereza wanaofanya kazi langoni, waje wapate moto. Kijana wa Kimarekani ndiye anayetazama vyeti. Hawa wao huinua ule mti unaoziba njia na kuushusha. Basi. Mimi nikatoka na birika la kahawa. Meza ya mbele alikaa kapteni wa ndege, kijana, ameshanyoosha kikombe. Lakini wewe si umenilea mwenyewe? Kahawa huanza kwa mwenye mvi. Nikampita kapteni, nikapita meza tatu nzima, nikaenda hadi mlangoni aliposimama mzee mmoja amejikunyata ndani ya koti, nikamtilia yeye kwanza.

Bwana Tomu akaja mbio, uso umeiva. "Una wazimu? Kapteni anangoja!"

Nikamwambia, "Kapteni ni mtoto. Atangoja."

Na aliyenikasirikia ni Mwingereza, si Mmarekani! Kapteni mwenyewe alicheka akasema, "Mwache, mama yake amemfunza vizuri." (Nyanya yangu, si mama, lakini sikumsahihisha, nisije nikakuozesha kwa Mmarekani.)

Yule mzee akashika kikombe kwa mikono miwili. Akasema, kwa Kiswahili, "Ahsante. Weka hapo."

Sauti ile! Nikainua macho nikaona kidevu, Nyanya, kile kidevu cha kung'olea misumari, tulichokuwa tukikiigiza watoto wote wa Likoni. Bwana Kidevu! Mtu ambaye meli na moshi wake wote ilikuwa ikimngoja nje ya mlango wa bandari, haingii nahodha mpaka yeye apande. Leo anawainulia mti vijana wanaotafuna chingamu, na kwenye mkono wa koti ameshonewa kitambaa cha herufi za Kimarekani. Nilikuwa nimemtafuta nchi nzima, na kumbe kila asubuhi nilipita mbele yake, kidevu kimezama ndani ya koti.

Lakini unanijua. Mshangao ukinipata mdomo ndio hutangulia. Nikapaza sauti: "Bwana Tomu, huyu ni mtu wa nyumbani kwetu! Yeye na baba yangu ni chanda na pete!" Mzee akatabasamu kidogo, akanywa.

Alipotoka nikamfuata langoni, nikampa neno kama nilivyopewa, sikupunguza. Kwamba Mwambao unaguswa. Kwamba wanasema bendera ya Sayyidi itashushwa. Kwamba yeye alisema aletewe neno, na ndilo hili. Alisikiliza mpaka mwisho, Kiswahili chake bado ni safi.

"Kijana," akasema, "mimi hapa sijui nani ataingia kesho. Naambiwa, nainua mti. Wakubwa wetu nao siku hizi ni hivyo hivyo."

"Na mkataba, Bwana?"

"Wazee wasiukalie mkataba. Wazungumze na majirani zao wangali na nafasi."

Haya, Nyanya, neno la Ami Juma limetoka katika kinywa cha Bwana Kidevu. Mwambie Baba hivyo hivyo. Kwa Ami hataki kulisikia, kwa huyu atalisikia. Na usingoje. Ramadhani ndiyo hiyo mlangoni. Usiku wa kwanza watandikie wanao mkeka mmoja, futari sinia moja, ukae katikati yao na mwiko wako. Atakayeinuka kabla ya mwenziwe umpige, nimekupa ruhusa mimi mumeo.

Nisalimie Mama, umwambie sweta yake ndiyo iliyoniweka hai. Nisalimie Ami Juma, na asijigambe. Maalim aliyenifundisha juzuu mpe mkono, umwambie namaliza sala zangu, za alfajiri kwa meno yanayogongana. Bi Mwanakombo jirani, nimeyakosa mahamri yake kuliko nilivyomkosa mwenyewe.

Baba mpe salamu zangu. Hapa kalamu inaniwia nzito, Nyanya, na Rukia asome kwa sauti ya chini.

Nilipotaja jina la Baba pale langoni, Bwana Kidevu aliniuliza, "Hamisi yupi?" Nikasema Hamisi wa motaboti. Akasema walikuwepo wengi. Nikamwambia ni yule aliyemvuta yeye kutoka majini alipoteleza kati ya mashua na meli, kamba ikamla kidole gumba, kile cha kushoto ambacho Baba huwaonyesha wageni. Akanitazama kwa adabu, kama unavyomtazama mtoto wa watu aliyepotea nyumba. Gari likapiga honi. Akashika mti wake akauinua.

"Mwambie namkumbuka sana," akasema.

Kisha, gari lilipokwisha kupita, akaniuliza, "Umesema anaitwa nani?"

Mumeo,
Saidi