Usiku wa Tatu wa Sidonie

Castelviel, Oktoba 1874

Mdogo wangu Philomène,

Salamu zikufikie huko mlimani, wewe na mbuzi wako. Goti limepungua uvimbe? Usinidanganye kama mwaka jana. Mimi ni mzima, mdomo ndio kabisa haujazeeka. Anayeandika ni jirani yangu Madam Roumens, maana kalamu na mimi hatujuani. Nimemwambia asinirembeshee hata neno.

Uliuliza habari za mjukuu wetu Sidonie. Opera ya hapa mjini ilimchukua aimbe. Mimi niliyefua kola za waimbaji tangu ujana nilidhani naijua nyumba ile. Kumbe najua jasho lao tu. Basi nikawa nachungulia kila kona. Mawingu ya jukwaani huvutwa kwa kamba na wanaume waliokuwa mabaharia. Radi ni bati, mzee mmoja analitikisa huku anatafuna kitunguu.

Lakini la ajabu ni mji wenyewe. Msimu ukianza, kila mwimbaji mgeni huimba siku tatu usiku, kisha watu huamua. Makofi, anabaki. Filimbi, mkataba umekufa, anafungasha. Nilimwuliza Barthe, fundi viatu, yeye ni nani hata amhukumu mwimbaji. Akanijibu, "Mama Eulalie, mke nilichaguliwa, meya nikaletewa. Niachie basi waimbaji."

Usiku wa kwanza Sidonie alishangiliwa, na wa pili vilevile. Ila leso zake nafua mimi, na nikaona damu. Daktari akamwambia asiimbe hadi Pasaka, la sivyo sauti itakwenda isirudi. Sidonie akasema hawezi: akijitoa mwenyewe, hakuna opera nyingine itakayomwamini. Lakini mji ukimkataa, hilo ni jambo la kazi, hata waimbaji wakubwa limewakuta, mwakani hujaribu kwingine.

"Nitaimba, Bibi," akaniambia, "hata kwa koo la kuazima."

Usiku wa tatu nikapanda roshani ya juu kabisa, wanakokaa kina sisi, nikabanana na Barthe na soseji yake. Sidonie akaanza wimbo wake mkubwa. Philomène, aliimba mpaka Barthe akasahau kumeza. Hapo filimbi moja ikalia. Ya pili ikaijibu, kisha roshani nzima, maana kule juu filimbi huambukiza kama miayo. Pazia likashuka.

Sasa shika hili, na Madam Roumens ameapa kulinyamazia: ile ya kwanza ilikuwa yangu. Niliupuliza ufunguo wa mlango wangu, ule wenye tundu, kama wafanyavyo vijana. Simwombi mtu msamaha. Ila kuna jambo linaniwasha na nitazikwa nalo: ningenyamaza, wangempokea?

Atafika kwako Alhamisi kwa gari la farasi. Amevunjika moyo, anadhani mji mzima umemchukia. Mpe maziwa na asali, mnyime nyimbo, hata za kanisani. Akishapona, mwambie ni mimi. Akija kunitukana, nataka anitukane kwa sauti nzima, niisikie tangu chini ya ngazi.

Nibusie goti hilo, na mbuzi wasalimie.

Dada yako asiyesikia la mtu,
Eulalie Cazalbou